Baba Yangu, Mkata Mvua

Niseme mapema, nisije nikaonekana ninajificha nyuma ya maneno: aliyemhukumu baba yangu ni mimi. Nilimhukumu kwa kalamu nene ya kijani, ndani ya ukumbi wa kanisa kule mtaani Kawangware 46, Nairobi, mbele ya watu thelathini waliokuwa wakingoja soda na mkate. Walipiga makofi. Mimi nikatabasamu, kwa sababu kulikuwa na mtu anapiga picha.

Baba aliuza makaa Laini Saba, kule Kibera, hatua chache kutoka kwenye reli, kwa zaidi ya miaka ishirini. Kibanda chake kilikuwa mabati manne na gunia lililopasuliwa likawa pazia. Alikuwa na mikebe mitatu ya kupimia, na ule mkubwa alikuwa ameugonga kitako kikaingia ndani kidogo, kama wanavyofanya wauza makaa wote wa Nairobi. Mteja anajua, muuzaji anajua kwamba mteja anajua, basi anaongeza vipande viwili juu na hakuna anayeteta. Baba aliongeza vitatu. Ndivyo alivyokuwa, mwizi kidogo na mkarimu zaidi. Majirani wa Kiluo na wa Kiluhya walivuka vibanda vya watu wengine kuja kununua kwake.

Mimi aliniita mwaitu, yaani mama. Nilipewa jina la mama yake, na kwetu Ukambani mtoto wa namna hiyo huitwa mama na baba yake mwenyewe, hata kama ana makamasi mpaka kidevuni. Nikikosa aliniuliza kwa heshima, "Mwaitu, na hii sasa umefanya ni nini?" Wenzangu wa ploti walinicheka. Wao waliitwa mbwa na ng'ombe, mimi naitwa mama.

Kwao ni Kitui, na Kitui alikuwa haendi. Nyanya alipokufa, baba alifika asubuhi, akatupa udongo kaburini, akaondoka kabla sufuria hazijafunuliwa. Mtu wa Ukambani kuondoka matangani bila kula ni jambo kubwa. Nilikuwa msichana mkubwa wakati huo, na ndani ya basi nilimuuliza mbona tunakimbia. Ndipo akanieleza, akiangalia nje ya dirisha njia nzima.

Juu ya kijiji chetu kulikuwa na kichaka kilichoitwa ithembo. Katikati ulisimama mkuyu mmoja mkubwa, na kuuzunguka kulikuwa na miti ya mukau na migunga ambayo hakuna aliyethubutu kuvunja hata kijiti cha mswaki. Mvua ikichelewa, akina nyanya walipanda huko na mbuzi na chakula kidogo, wakapiga ngoma, wakaomba. Halafu kanisa likapata nguvu kijijini. Mchungaji akasema Mkristo habishi hodi kwenye milango miwili, kichaka kikatwe, mbao zitengenezwe viti vya kanisa. Wazee wa kanisa wakaitikia amina, wote, hakuna aliyebaki nyuma. Amina ilipoisha wakaanza kutazamana. Nani atashika shoka? Huyu mgongo unauma, yule bega, mwingine anaharisha.

Baba alikuwa shemasi, bado ana nguvu, amefiwa na mke, ana mtoto mmoja wa kupeleka shule. Akasema atakata yeye. Wakakubaliana mbao ziende kanisani, naye achukue matawi na ile migunga achome makaa, apate karo. Ilikuwa miti ishirini. Kalamu yangu ya kwanza, sare yangu, viatu vyangu vya kwanza vya ngozi, vyote vilitoka kwenye lile tanuri la makaa.

Kwetu mvua ya kutegemea ni ya Novemba. Ya Aprili ni kujaribu bahati. Novemba iliyofuata mvua haikuja. Ya mwaka wa pili ilikuja siku nne, ikaotesha mahindi ili iyaue. Ya tatu haikuja tena. Maneno yakaanza, kwanza kwa wanawake kisimani, kisha kwa wanaume, na mwisho kwa watoto, na ukiona jambo limefika kwa watoto ujue limeshaamuliwa. Baba hakuitwa tena shemasi wala kwa jina lake. Aliitwa mkata mvua. Na wale waliomwita hivyo walikuwa wakiketi Jumapili juu ya viti vya mukau, wamefumba macho, wanaomba mvua. Hakuna aliyerudisha kiti chake, hata mmoja!

Akanichukua tukaja Nairobi. Hakujua kazi nyingine, akauza makaa ya wengine.

Mimi nikasoma, nikapata cheti, nikapata kazi kwenye mradi mmoja wa mambo ya tabianchi. Kazi yenyewe ilikuwa kuzunguka mitaani kufundisha watu kwa nini hali ya hewa imeharibika. Nikahamia Kawangware kuwa karibu na ofisi, nikapanga chumba chenye dirisha la kioo. Baba alijivuna mpaka ikawa aibu. Kila mteja aliyekuja kununua mkebe wa makaa aliambiwa, "Msichana wangu ndiye anajua mvua inaenda wapi." Watu wakacheka, wengine wakaamini kabisa. Kuna mama mmoja wa Laini Saba aliyenipigia simu kuniuliza kama aanike nguo.

Ikafika mwaka ambao misimu mitatu ilikuwa imekufa mfululizo kule kwetu. Amu yangu, ndugu mdogo wa baba, akapiga simu. Ukoo ulikuwa umekaa. Walisema wamechoka, mbuzi wanakufa, watoto wanalala njaa, na jambo la kichaka halijawahi kusemwa mbele za watu likaisha. Baba aje, asimame kanisani, akiri kwamba yeye ndiye aliyekata mvua, achinje mbuzi mmoja, na sehemu yake ya shamba irudi mikononi mwake. Azeeke kwao kama mtu.

Jumapili hiyo mchana baba alitembea kwa miguu kutoka Laini Saba mpaka kwangu. Alivaa koti lake la kanisa. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akakataa mto niliompa, chai akaishika bila kunywa.

"Mwaitu," akasema, "wewe umesoma. Mambo ya mvua ndiyo kazi yako. Nataka uniambie kitu kimoja tu. Ni mimi?"

Nilikuwa na ripoti ya kumaliza. Kompyuta ilikuwa wazi pajani, na nitasema ukweli, sikuifunga.

"Baba, hiyo ni stori ndefu. Kuna sababu za asili na kuna sababu za binadamu. Zinaingiliana."

"Sikuuliza sababu. Nimeuliza kama ni mimi." Akaweka kikombe chini. "Kama ni mimi, nitaenda nikiri, nichinje huyo mbuzi, nizikwe karibu na mama yangu. Kama si mimi, siendi kukubali kitu sikufanya. Hata kama nitakufia hapa kwa makaa. Lakini nataka kujua. Miaka yote hii nataka kujua."

Swali lilikuwa na jibu fupi, na jibu nilikuwa nalo. Lingenichukua muda wa kupuliza chai. Lakini nilikuwa na semina Alhamisi, ofisi ilitaka washiriki thelathini, na kwenye orodha yangu walikuwa ishirini na tisa.

"Kuja semina Alhamisi," nikamwambia. "Tutaeleza kila kitu. Na kuna soda."

Aliinuka akashukuru. Mungu wangu, alishukuru! Akanibariki kwa Kikamba pale mlangoni, akarudi Kibera kwa miguu.

Jumanne asubuhi mvua ilipiga Nairobi kama inatudai. Mto ukapanda Mashimoni, bondeni kule Kibera, ukabeba nyumba za ukingoni, mabati, magodoro, meza ya mtu bado ina vikombe. Niliposhuka kumwona baba nilimkuta na suruali imekunjwa mpaka magotini, anawasaidia watu kupandisha vitu juu. Makaa yake yote yalikuwa uji mweusi. Nilidhani nitamkuta analia. Alikuwa anacheka.

"Mwaitu, angalia! Hii ndio mvua ya kwetu. Imepotea njia tu." Akanyoosha mkono ikamdondokea kiganjani. "Kama niliikata, hii imetoka wapi?"

Watu wa Mashimoni walikuwa wanalia, na baba yangu anacheka katikati yao. Mtu asiyejua angedhani amerukwa na akili. Mimi nilijua. Alikuwa karibu kujijibu mwenyewe. Alikuwa amebakisha mtu mmoja tu wa kumwambia ndiyo, umeelewa sawasawa. Nikamwambia avae koti asipate homa.

Sasa nieleze ile karatasi. Ofisini tulikuwa na mchoro wa safu mbili, uliotoka mbali, kwa wenye pesa. Safu ya kwanza ilikuwa ya sababu za asili: jua, volkano, bahari inayopata joto na kupoa kwa zamu zake. Safu ya pili ilikuwa ya sababu za binadamu: viwanda, mafuta ya petroli, magari, ndege, misitu mikubwa inayofyekwa na kampuni kubwa. Mchoro ulikuwa sawa. Haukuwa na uongo. Meneja wetu aliuangalia akasema hapana. Watu wa Kawangware hawana viwanda, hawana ndege, utawaboesha bure. "Tumia mifano ya huku," akasema. "Wape kitu wanaweza kubadilisha wao wenyewe."

Lilisikika jambo la busara. Nilikaa chini, nikaondoa viwanda. Nikaondoa petroli. Ndege nazo nikazifuta. Mahali pao nikaandika kuchoma makaa, kukata miti, kuchoma taka, kukaanga kwa kuni. Kwa kalamu ya kijani, mwandiko mzuri, na chini nikachora jani. Dhambi ya dunia nzima nikaitwika watu wanaopika kwa jiko moja. Na sikuona! Mimi niliyelelewa ndani ya vumbi la makaa, niliyekohoa makaa, niliyelipiwa karo na makaa, sikuona nimeandika nini. Ama niliona. Sijui tena.

Neno hilo binadamu ni pana mno. Wakubwa wanaingia ndani yake wanatulia, kama wale wageni wa harambee wanaokaa mstari wa nyuma wakati wa kuchanga. Anayepanda ndege kila wiki ni binadamu, na anayepima makaa kwa mkebe ni binadamu, basi mnaambiwa binadamu ameharibu dunia, na mnaoitwa ukumbini kufundishwa ni nyinyi wa mkebe. Sijawahi kuona semina ya wenye ndege. Labda wao huwa wanapewa soda kubwa zaidi.

Alhamisi ukumbi ulijaa. Baba alikaa mstari wa tatu, koti lilelile, kofia magotini. Nilianza na safu ya kwanza. Nilipotaja volkano na jua, nilimwona anaitikia kwa kichwa taratibu, anasogea mbele kwenye kiti. Safu ya kwanza ilikuwa upande wake.

Nikafika safu ya pili. Mama mmoja anayekaanga samaki kule stejini, Mluo wa mdomo mzuri, hakungoja nimalize.

"Yawa! Kwani moshi ya samaki yangu ndio imefika huko juu mbinguni?"

Watu wakaangua kicheko. Akapata nguvu.

"Na hizi ndege zinapita juu ya mabati yetu kutoka asubuhi, hizo zinatoa nini, madam? Marashi?"

Kicheko kikazidi, kijana mmoja akapiga mluzi. Meneja, aliyesimama nyuma na simu yake tayari kwa picha, akaacha kutabasamu.

"Mama, tubaki kwenye mada," nikasema.

Na hiyo ndiyo ilikuwa mada. Yule mama alikuwa amefundisha semina nzima kwa pumzi mbili, bila kalamu, na mimi nikamnyamazisha. Alinitazama, akakunja mikono, akasema, "Haya basi, ni sisi. Leteni soda."

Ndipo baba akainua mkono. Aliinua kama mtoto wa shule, kiwiko kimeshikwa na mkono mwingine.

"Mwalimu, nina swali."

Hakuwahi kuniita hivyo. Nilifikiri anafanya adabu mbele ya watu, nikafurahi. Nikamwambia karibu, mzee wangu.

"Mtu akikata miti ishirini," akasema, "mvua inaweza kupotea?"

Swali lilikuwa fupi na lilikuwa na miguu. Nilijua limetoka wapi. Nilijua linaenda wapi. Nilikuwa na sekunde moja, na ndani ya sekunde hiyo nilimwona meneja ameinua simu anarekodi, maana hilo lilikuwa swali tamu, mzee wa mtaa anauliza mwenyewe habari ya miti. Wafadhili wanapenda sana hayo.

"Ndiyo, mzee wangu," nikajibu. "Kila mti una kazi yake. Ukikata mti, umekata mvua."

Makofi. Meneja akaonyesha dole gumba. Baba alibaki amesimama kidogo, kama mtu aliyeitwa jina na hajui aitike vipi. Kisha akasema, "Asante, mwalimu," akaketi. Soda yake alimpa yule mama wa samaki. Hakungoja mkate.

Nilijiambia nitamweleza baadaye, tukiwa wawili. Kwamba pale ukumbini lazima useme kitu kifupi watu wakishike. Kwamba miti ishirini ni kitu na pia si kitu. Ijumaa niliandika ripoti: washiriki thelathini, uelewa umeongezeka, mzee mmoja ameguswa sana. Niliandika hivyo kwa mkono wangu mwenyewe, ameguswa sana. Jumapili nililala nimechoka. Jumatano ndiyo nilipiga simu, akapokea, nikasikia basi nyuma yake, kondakta anaita watu wa Kitui.

"Nimeenda kumaliza ile kitu," akasema. "Kibanda nimeachia jirani. Umenisaidia, mwalimu. Ningekufa na kiburi."

Ningesema shuka. Ningesema kwa sauti mpaka basi zima lisikie. Nilisema safari njema.

Yaliyofuata nilielezwa na amu, na alieleza kwa furaha, maana yeye alidhani ananipa habari njema. Baba alisimama mbele ya kanisa. Akasema kwamba miaka yote alidhani ni wivu wa watu, lakini sasa amefundishwa na binti yake mwenyewe, ambaye analipwa na ofisi kubwa kwa kujua mambo haya, na binti amesema miti ishirini inatosha. Akapiga magoti. Watu walilia. Mbuzi akaliwa. "Umeturudishia ndugu yetu," amu akaniambia. "Mungu akubariki, msomi wetu."

Wakampa kipande cha juu, pale kichaka kilipokuwa. Akachimba mashimo ishirini, akapanda miche ya mukau ishirini. Maji aliyatoa mtoni, na mto wa kwetu ni mchanga mtupu; unachimba mpaka kiunoni, unangoja yajikusanye, unateka kwa kikombe. Mitungi miwili kwa siku, kwa mgongo wa mtu wa miaka sabini. Kila Jumapili ananipigia simu. Mwalimu, mche wa mukau unataka maji mara ngapi. Mwalimu, mchwa nifanyeje. Mwalimu, mvua huwa inarudi mti ukifika urefu gani?

Novemba ilikuja ikapita, mbingu safi kama sahani iliyooshwa. Wakaanza upya. Mbuzi mmoja alikuwa mdogo kwa dhambi kubwa namna ile, wakasema. Huenda hakukiri yote. Zamani walikuwa wanamsema kwa kushuku, na mtu anayeshukiwa bado anaweza kuinua shingo. Sasa walikuwa na neno lake mwenyewe. Akipita, watoto wanaonyesha kidole na hakuna mzazi anayewakemea, kwani mwenyewe si alisema? Miche kumi na minne ikakauka. Akapanda mingine.

Mimi nikaendelea na semina. Karatasi ileile, jani lilelile la kijani. Nilijaribu mara moja kurudisha ndege na viwanda kwenye safu ya pili, meneja akauliza kama ninataka kugeuza kazi iwe siasa. Nikavitoa. Nina kodi ya nyumba, nina maisha, yale maneno yote ambayo mtu huyasema.

Juzi nilikuwa Laini Saba kwa kazi. Aliyechukua kibanda cha baba ni mtu wa haraka, anapima mkebe, anapangusa juu kwa kiganja, haongezi hata kipande kimoja. Mama mmoja akaniambia, "Mzee wenu yuko wapi? Huyu anatunyonga." Nikasema yuko kwetu, anapanda miti. "Ah, kumbe amestaafu, ni vizuri," akasema. Sikuweza kuvumilia hilo neno. Nilisogea kando ya reli nikampigia baba.

Nilimwambia yote. Kwamba bahari zimepata joto lisilo la kawaida, na joto hilo sehemu ni zamu za bahari zenyewe, na sehemu kubwa ni moshi wa nchi tajiri, wa viwanda na petroli ya miaka mingi, tangu kabla babu yake hajazaliwa. Kwamba ndiyo maana mvua inaanguka yote Mashimoni kwa siku moja na Kitui haifiki. Kwamba miti yake ishirini ingeshika udongo, ingeleta kivuli, pengine kisima kisingekauka upesi, na kwa hilo ndiyo, angeweza kujuta kidogo, yeye pamoja na kanisa zima. Lakini mvua ya nchi nzima haikatwi na shoka moja. "Si wewe, baba," nikasema, nikiwa nalia mbele za watu bila haya. "Hukuwa wewe hata siku moja."

Nilisikia pumzi yake, na kikombe kinagonga ukingo wa mtungi.

"Hii ulijua lini?" akauliza.

"Zamani, baba."

"Ile siku ya semina ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Hakupaza sauti. Laiti angepaza. "Ulinitia hatiani mbele ya watu," akasema. "Mimi nikaenda nikajitia hatiani mbele ya kijiji, nikashika neno lako. Sasa kuniachilia ndio unaniachilia kwa simu, sisi wawili? Hapana. Panda gari uje. Simama pale mbele mahali nilisimama, uwaambie hivyo umeniambia. Utakuja lini?"

Nikaona uso wa amu. Nikaona picha ya siku ile, iliyotundikwa ukutani ofisini, mimi na kalamu mkononi, na mzee wa mstari wa tatu amesimama. Nikajiona nikipanda ngazi za lile kanisa, watu wamegeuka wananitazama, na mtu mmoja, yeyote tu, anauliza: basi wewe ulidanganya kwa ajili gani?

"Baba, network inasumbua," nikasema. "Sikusikii. Nitakupigia."

Nikakata. Network ilikuwa nzuri. Nilikuwa nimemsikia kila neno.